KUZAMIA MAJI YA BARIDI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu mnaolala mabwenini hapa Kilakala mnayajua vizuri maji ya alfajiri ya mwezi wa Julai. Upepo umeshuka usiku kucha kutoka milima ya Uluguru, ndoo imelala nje, nawe umesimama na kopo mkononi ukijishauri. Ukijimwagia kopo la kwanza mgongoni, hutokea jambo ambalo hukulitaka wala hukuliamuru: kifua huvuta hewa kwa ghafula, kisha pumzi huenda mbio kama ya mtu aliyekimbizwa na mbwa. Wale waliokwisha kuoga hucheka. Kufika kopo la tano au la sita pumzi imetulia, nawe waanza kuwacheka wanaokuja nyuma yako.

Naomba mlikumbuke kopo hilo la kwanza, maana ndilo lililonifanya niandike. Bafuni ni kichekesho tu. Lakini mshituko huohuo ukimpata mtu hali kichwa chake kimo chini ya maji, mambo huwa mengine kabisa.

Dada yangu mkubwa yuko Uingereza, katika mji wa Leicester, akisomea uuguzi. Kabla ya kwenda huko alifanya kazi miaka miwili katika hoteli moja Nungwi, kaskazini ya Unguja, na hapo ndipo alipojifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa akapata cheti chake cha kwanza. Machi ya mwaka jana alizamia kwa mara ya kwanza katika maji ya baridi. Aliniandikia barua ndefu, na Desemba alipokuja likizo nilimwuliza maswali hata akachoka. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwake, na katika kitabu chake cha mafunzo alichoniachia, na mengine katika Fizikia tunayofundishwa hapa. Mimi mwenyewe sijapata kuzamia, na mama hataki nizamie. Sababu yake nitaieleza baadaye, nayo si sababu ndogo.

Yafaa kwanza tujue chombo chenyewe. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi kila anapovuta pumzi, tena hewa yenye mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Twajua kwamba kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo kwa kiasi cha angahewa moja. Mtu aliye mita 10 chini hugandamizwa mara mbili ya sisi tulio juu, na aliye mita 20 mara tatu. Kama hewa anayovuta isingekuwa na mgandamizo huohuo, kifua chake kisingeweza kufunguka.

Lakini mkumbuke kanuni ya Boyle, ile inayowasumbua wengi katika mtihani. Hewa iliyojaza mapafu katika kina cha mita 10, mtu akipanda nayo hadi juu bila kuitoa, hutaka nafasi mara mbili. Mapafu hayana nafasi hiyo, yatapasuka. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji, kabla ya amri nyingine zote, ni kutoizuia pumzi kamwe. Sasa lirudieni lile kopo la Julai mkaone kwa nini baridi ni adui wa mzamiaji mgeni: baridi hulenga palepale penye pumzi.

Cheti cha kwanza hupatikana kwa masomo ya darasani, mazoezi katika bwawa, na kwa kawaida mizamo minne baharini au ziwani. Katika chama alichosomea dada, cheti hicho humruhusu mtu kwenda hadi kina cha mita 18 akiwa na mwenzake, katika hali zinazofanana na zile alizojifunzia. Maneno haya ya mwisho yameandikwa wazi, lakini watu huyaruka. Dada alijifunza Nungwi mwezi wa Februari, bahari ikiwa na joto la nyuzi 28, samaki wa rangi wakipita kando yake. Machi ya Uingereza aliingia katika maji ya nyuzi 6. Cheti chake kilikuwa kilekile, na kadi yake ilikuwa na picha ileile. Ni kama mtu aliyejifunza kuendesha motokaa katika barabara nyoofu za Dar es Salaam, kisha siku ya kwanza apewe lori lenye mizigo ashuke nalo kutoka Mgeta wakati wa masika. Leseni anayo, hakuna anayebisha.

Huenda mtu akauliza, baridi yenyewe ina nguvu gani? Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa. Mwili wetu una joto la nyuzi 37, na chochote kinachougusa kilicho baridi kuliko hapo huuibia. Ila hewa ni mwizi mvivu na maji ni mwizi hodari. Hata bahari yetu, inayosifiwa kwa uvuguvugu, hushuka kufika nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti wakati wa kusi, na dada asema viongozi wa Unguja hutoka majini wakitetemeka baada ya mzamo wa pili. Wageni kutoka Ulaya huwashangaa.

Basi katika maji ya nyuzi 6 hapana budi kuvaa. Ziko suti za namna mbili. Ya kwanza ni ya mpira wenye vijipovu vingi vya hewa ndani yake. Maji kidogo huingia kati ya suti na ngozi, mwili huyapasha moto, yakakaa hapo. Hii ndiyo inayotumiwa kwetu. Ubaya wake ni kwamba kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo vile vijipovu vinavyobanwa, suti ikawa nyembamba na joto likapungua palepale linapohitajiwa zaidi. Ya pili huitwa suti kavu. Shingoni na mikononi imebana kiasi ambacho maji hayaingii, na ndani mtu huvaa nguo nene kama za kulalia. Humo ndani mna hewa, na mzamiaji huiongeza kwa kubonyeza kitufe kifuani anaposhuka, kisha huitoa kwa vali iliyo begani anapopanda.

Suti kavu ni nzuri, lakini ina hila zake. Hewa ile haikai mahali pamoja. Mtu akiinamisha kichwa chini, hewa yote hukimbilia miguuni, miguu ikainuka, naye akaanza kupaa juu kama puto huku vali ya kutolea hewa iko upande usiofaa. Ndiyo sababu dada alifundishwa kuitumia bwawani kwanza, mara mbili. Asema mara ya kwanza alining'inia miguu juu kichwa chini kama popo, na mwalimu wake akamngoja hata akajigeuza mwenyewe. Tena kwa kuwa suti hiyo yataka kuelea, alifungwa risasi nyingi kiunoni kuliko alizozoea, hata kutembea kutoka garini hadi ukingoni kulikuwa kazi.

Ukingo wenyewe ulikuwa wa Stoney Cove. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya matale, si mbali na Leicester. Uchimbaji ulikwisha mwaka 1958, chemchemi zikayajaza machimbo maji, na wazamiaji wakayageuza kuwa shule yao. Miaka ya 1960 na baadaye wengi waliokwenda kufanya kazi katika visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini walifanya mazoezi humo. Pana ngazi kubwa tatu zilizoachwa na wachimbaji: ya kwanza iko kina cha mita 6 au 7, ya pili mita 20 na zaidi kidogo, na ya chini kabisa kama mita 35. Katika ngazi ya kati imelala meli ndogo ya kukokota meli nyingine, jina lake Stanegarth, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2000 ili wazamiaji waitazame.

Siku hiyo dada alikuwa na wenzake wawili, vijana wa Kiingereza, nao pia walikuwa wageni wa maji ya baridi. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo ambaye siku za kazi hufundisha shule ya msingi. Dada asema alitazamia kuona jitu lenye misuli, akashangaa kumkuta mama huyo anamenya chungwa.

Kabla hawajavaa chochote, aliwaketisha akawauliza mmoja mmoja: umezamia mara ngapi, lini mara ya mwisho, katika maji gani, usiku uliopita umelala saa ngapi, umekula nini. Dada alijibu kwamba amezamia mara kumi na moja, zote baharini Unguja, na ni miezi minane sasa tangu mara ya mwisho. Mama yule akamshukuru. Akawaambia kwamba mzamo wa leo utakuwa wa ngazi ya kwanza tu, mita 6, na hautazidi dakika 20, na kwamba Stanegarth hawataiona. Kijana mmoja alinung'unika, maana alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya meli hiyo. Kiongozi akamjibu kwamba meli haiendi popote.

Kisha akawakumbusha ishara. Hapa wanafunzi tusikilize, maana sisi tumezoea kuinua kidole gumba kuonyesha kwamba mambo ni mazuri. Chini ya maji kidole gumba kikielekezwa juu maana yake ni moja tu: twende juu, mzamo umekwisha. Kuonyesha kwamba hali ni njema mtu huunganisha kidole gumba na cha shahada kama pete. Kiongozi alisema: "Yeyote kati yetu akionyesha kidole gumba, sote tunapanda. Hatujibizani chini ya maji." Akawataka wairudie ishara hiyo mikono ikiwa ndani ya glavu nene, maana vidole vikifa ganzi hata pete yaweza kuonekana kama kitu kingine.

Jambo jingine aliloeleza lilinipendeza kwa sababu ni Fizikia tupu. Mkitoboa vali ya tairi la baiskeli lililojaa, hewa inayotoka ni baridi. Hewa iliyobanwa ikipata nafasi hupoa. Ndivyo inavyokuwa katika kifaa cha kupumulia. Hewa hutoka mtungini ikiwa imebanwa mara 200 na zaidi, hutanuka, hupoa sana, na kama maji ya nje nayo ni baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, barafu yaweza kufanyika ndani ya kifaa na kuizuia vali isifunge. Hewa hapo humwagika bila kukoma, mapovu yakaziba macho, na mtungi ukaisha kwa dakika chache. Mtu anayepumua mbio hukipoza kifaa chake zaidi kuliko anayepumua taratibu. Kwa hiyo mshituko wa baridi huleta pumzi za mbio, na pumzi za mbio zaweza kuleta barafu. Kiongozi alikuwa amefunga vifaa viwili kamili juu ya mtungi wake, ili kimoja kikiharibika akifunge kisha atumie cha pili, au ampe mwenzake.

Wakaingia. Uso wa dada ulipogusa maji, asema, alisikia kama kofi. Paji la uso liliuma kama mtu anayekula barafu kwa pupa. Pumzi ikaanza kwenda mbio, naye akadhani itatulia, maana alikuwa amesoma kwamba hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Lakini alikuwa na haraka ya kuonekana hodari. Wenzake waliposhuka, naye akashuka, pumzi ingali inakimbia. Huko chini alipiga magoti juu ya jukwaa akitazama geji yake. Nungwi kiasi kile cha hewa kilimtosha dakika 25. Hapa kilikwisha kwa dakika 10. Midomo ilikuwa imekufa ganzi hata hakujua kama amekiuma vizuri kifaa chake. Akili, asema, ilikuwa nzito, kama mtu anayehesabu huku amesinzia.

Nilimwuliza kwa nini hakuonyesha kidole gumba mara moja. Alinyamaza kidogo, akaniambia: "Niliona haya. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu pale. Nilisema moyoni, watasema hawa watu wa jua hawawezi." Nami nasema haya hiyo ni ya hatari kuliko maji yenyewe, na sidhani kwamba ni ya wasichana au ya Waafrika tu. Yule kijana aliyenung'unika kwa ajili ya meli alimkiri baadaye, wakinywa chai, kwamba naye alikuwa akitetemeka na alikuwa akingoja mwingine aseme kwanza.

Mwishowe dada alikiinua kidole. Kiongozi hakuuliza kitu. Alimwonyesha kwamba ameelewa, akawaonyesha wale wawili ishara ileile, akamshika dada kamba ya bega, akamtazama machoni, na wote wanne wakapanda polepole, polepole kuliko mapovu yao madogo. Mzamo wote ulikuwa wa dakika 13. Walipofika ukingoni alimvua glavu, akampa kikombe cha chai akishike kwa mikono miwili, na ndipo alipouliza, "Ilianza lini?" Hakuna fedha iliyorudishwa, wala dada hakuitaka.

Juma la pili yake walirudi. Safari hii kiongozi alimfanya alale kifudifudi juu ya maji, uso ndani, kifaa mdomoni, asiende popote mpaka pumzi zake zifike mwendo wa mtu aliyeketi kanisani au msikitini. Ilichukua dakika nne. Kisha wakashuka, wakakaa dakika 20, na dada akamwona samaki mmoja wa kijivu ambaye, kwa maelezo yake, hakuwa na sura ya kuvutia hata kidogo. Alirudi nyumbani amefurahi mno. Stanegarth hajaiona hata leo, maana imelala kina kinachozidi kibali chake, na mama yule hakubali kulegeza hata mita moja.

Yako maji ya baridi kuliko hayo. Huko Iceland uko ufa uitwao Silfra, ambapo maji yaliyotoka kwenye barafu ya milimani na kuchujwa miaka mingi katika mawe ya volkano hukaa nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima, nayo ni maangavu kiasi cha kuona mita 100. Waliosoma Jiografia watafurahi kujua kwamba ufa huo ni mpaka wa mabamba mawili ya dunia yanayoachana, jamaa ya Bonde letu la Ufa. Hakuna anayeruhusiwa kuzamia humo asipoonyesha kwamba amezoea suti kavu, na haruhusiwi kupita mita 18. Kwetu Afrika watu wa Cape Town wanayo bahari ya baridi, kwa sababu ya mkondo wa Benguela utokao kusini. Lakini ni heri nirudi kwetu.

Nilisema mama hataki nizamie. Kwao ni Mafia. Kaka yake, ambaye sisi ni mjomba wetu, alikuwa mpigaji mbizi wa majongoo bahari. Majongoo hukaushwa na kuuzwa Mashariki ya Mbali, ambako huliwa kwa bei kubwa. Zamani wavuvi waliyaokota miambani maji yakitoka, kisha wakayafuata kwa pumzi zao. Yalipopungua karibu, wakaja matajiri wenye mashua na mitungi. Mjomba alipewa mtungi na tajiri mmoja, akaonyeshwa pa kuuma na pa kufungulia, akaambiwa, "Hewa ikiwa nzito, panda." Hayo ndiyo yalikuwa masomo yake yote. Hakuwa na geji, wala saa, wala mwenzake ndani ya maji. Alishuka mara tano au sita kwa siku, katika maji ambayo mashua ilihitaji kamba ndefu ya nanga.

Siku moja, kabla mimi sijazaliwa, hewa ilikwisha kule chini, akapanda kwa kasi. Alipanda mashuani mzima, akala wali. Jioni viungo vikaanza kumwuma, usiku miguu ikafa ganzi, na asubuhi hakuweza kusimama. Watu walisema ameketi juu ya kiti cha shetani wa bahari. Alichinjiwa mbuzi, akafukizwa, akapelekwa kwa mganga huyu na yule. Siku hizi hutembea kwa magongo mawili, na mguu wa kushoto huukokota. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akijiuliza amemkosea nani huko chini.

Desemba tulikwenda kumwona. Tulivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na dada alikuwa na kitabu chake mkobani. Baada ya chakula cha mchana alimweleza mjomba kwa chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, gesi imo ndani ya soda lakini haionekani. Ukiifungua kwa ghafula, mapovu hufoka. Ukiifungua polepole, hutoka kidogo kidogo. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Mtu akiwa chini sana kwa muda mrefu, mgandamizo huiingiza naitrojeni katika damu na nyama. Akipanda taratibu, huitoa kwa kupumua. Akipanda kwa kasi, hufanya mapovu humohumo mwilini, na mapovu yakiziba mishipa ya uti wa mgongo, miguu hufa. Dawa yake ni oksijeni, na kumrudisha mgonjwa upesi katika chumba cha chuma chenye mgandamizo, kisha kuupunguza kwa saa nyingi. Ndiyo sababu siku hizi wazamiaji wengi hufundishwa wasipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, tena wasimame kina cha mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka.

Baridi nayo ina mkono katika jambo hili, na ni vema walio wageni walijue. Mtu akifanya kazi chini akiwa na joto, damu huenda mbio na kuichukua naitrojeni kwa wingi. Akipanda hali amepoa, mishipa ya ngozi na ya viungo imejifunga, na naitrojeni hukawia kutoka. Kwa hiyo katika maji ya baridi kiongozi mwema hufupisha mzamo, huzidisha kusimama njiani, na hamngoji mtu atetemeke ndipo amtoe.

Mjomba aliitazama ile chupa muda mrefu. Alisema, "Kumbe ni hewa tu." Mama alilia, akaingia ndani. Sijui kama nilipaswa kuyaandika haya katika gazeti la shule. Lakini mjomba mwenyewe aliniruhusu, akasema ziko kaya kule kwao zenye mtu wa namna yake ambao hawajaambiwa.

Kisha akaanza kumhoji dada. Maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu yote. Huyo kiongozi aliuza nini kwenu, safari ya kuona meli au kuja kwenu salama? Alichukua watu wangapi kwa mara moja? Alijua mwenye hewa kidogo ni nani? Kifaa chake kikiziba, angepumua kwa kitu gani? Mgonjwa akipatikana, oksijeni iko mashuani au iko mjini? Dada alijibu yote, akamsimulia pia kwamba, kabla hajampata mama yule, alifika kwa watu wengine, ambao sitawataja, ambapo kijana aliyekuwa mezani alitazama kadi yake upande mmoja tu akamwambia alipe aingie. Hakuulizwa amezamia maji gani. Alikuwa amekwisha toa fedha mfukoni, asema, kisha akaona kwamba hakuna aliyemtazama usoni, akazirudisha.

"Na ulipoonyesha kidole," mjomba akauliza, "yule mama alikuuliza sababu?"

"Hapana, mjomba. Aliniuliza tulipofika juu."

"Hakukasirika?"

"Hakukasirika."

Mjomba akasema kwamba tajiri wake, mtu akipanda na kikapu kitupu, alimkata posho.

Dada ameahidi kunilipia mafunzo ya mwanzo Unguja nikimaliza mtihani wa Kidato cha Nne, katika bahari ya uvuguvugu, ambapo kopo la kwanza halina makali. Maji ya nyuzi 6 sina haraka nayo. Mama bado hajasema ndiyo, lakini tangu Desemba hasemi hapana kwa sauti ileile. Ametoa masharti mawili. La kwanza ni mtihani wenyewe, nami niko katika kazi hiyo sasa. La pili ni kwamba kabla ya kulipwa hata senti moja, mjomba avuke na magongo yake hadi Unguja, aketi mbele ya hao watakaonifundisha, awaulize maswali yale yote. Mjomba amekubali, na amekwisha uliza nauli ya boti.